Jina la Kampuni Siyo Mtu Anayekupigia: Navyokagua Kampuni kwa Simu Kabla ya Kutuma Hela Wala Mzigo



Julai 2024 nilikuwa nimebakiza kuingiza namba ya siri tu, laki moja na elfu themanini iende kwa mtu ambaye sijawahi kumuona. Na nyuma ya hiyo hela kulikuwa na kilo 120 za dagaa ambazo wala hazikuwa zangu. Nilizikopa kwa akina mama watatu hapa mwaloni Kibirizi. Zingeondoka zile, leo nisingekuwa naandika hapa. Ningekuwa napita njia za nyuma nisionane nao.

Kilichoniokoa siyo akili nyingi. Mimi nimeishia kidato cha nne, biashara ya mtandaoni nimejifunza mwenyewe kwa kuibiwa na kuuliza. Kilichoniokoa ni simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, bando la buku, na swali moja la mama mdogo. Leo nataka nikupe yote mawili: namna ya kutafuta taarifa za kampuni kwa simu, na hilo swali. Maana kutafuta peke yake hakutoshi, na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa tukiwa tunajiona wajanja.

MARA YA KWANZA SIKUTAFUTA KABISA

Kwa wasionijua, nina duka dogo Kibirizi, Kigoma. Nauza dagaa waliokaushwa kwenye vichanja, siyo wa mchangani, pamoja na mawese. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza, nawapata WhatsApp na Instagram, mzigo naupandisha basi.

Mwaka 2022 nilitaka vifungashio. Unajua dagaa wa kwenye mfuko wa rambo na dagaa wa kwenye mfuko wenye zipu na lebo hawauziki bei moja. Nikapata ukurasa wa Instagram unauza vifungashio, wafuasi elfu arobaini, picha safi, video mashine inazunguka. Wakaniambia oda ya kuanzia ni mifuko elfu moja, 380,000 pamoja na kuchapa lebo. Nikatuma. Siku ya tatu nikauliza mzigo umefikia wapi, ujumbe ukabaki na tiki moja. Mpaka leo tiki moja.

Sikuuliza kampuni imesajiliwa wapi. Sikuuliza hata kama ni kampuni. Niliona wafuasi elfu arobaini nikajiambia watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga.

Baadaye kijana mmoja wa duka la simu mjini ndiye aliyenionyesha kitu. Akaingia kwenye ule ukurasa, akabonyeza jina juu, akafungua sehemu ya "Kuhusu akaunti hii". Instagram inakuonyesha akaunti ilifunguliwa lini, na mara nyingi inaonyesha kama imewahi kubadilisha jina. Ule ukurasa ulikuwa umebadilisha jina mara kadhaa. Wale wafuasi wote walikuwa wa biashara nyingine huko nyuma, ukurasa ukabadilishwa sura. Taarifa ilikuwa hapohapo kwenye simu yangu, bure, na mimi nilikuwa nimeshatuma 380,000.

Nikaapa, sitatuma tena hela bila kutafuta. Kiapo kizuri, lakini kilikuwa na tundu.

TENDA YA JULAI

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Ni makubaliano ya nchi nne zinazotumia ziwa hili, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mwaloni kukawa kimya. Vipe vimeegeshwa, wavuvi wanacheza bao mchana kutwa. Aliyekuwa na dagaa wakavu ndani alikuwa na dhahabu, na asiye nao anakopa.

Ndipo ikaja simu. Kaka mmoja, sauti ya kiofisi, anajitambulisha ni afisa manunuzi wa kampuni fulani ya Dar es Salaam inayosambaza vyakula kwenye masupamaketi. Wameona ukurasa wangu, wanataka kilo 120 za kuanzia, 20,000 kwa kilo, na kila mwezi wataongeza. Piga hesabu: 2,400,000. Kipindi ambacho ziwa limefungwa!

Dakika kumi baadaye barua ikaingia WhatsApp kwa PDF. Nembo ipo, muhuri upo, sahihi ipo, namba ya usajili ipo, TIN ipo. Masharti mawili. La kwanza, nilipie 180,000 ya "kusajiliwa kama msambazaji na ukaguzi wa ubora", nitarudishiwa kwenye malipo ya kwanza. La pili, nitume mzigo kwanza, nitalipwa ndani ya siku 14.

Nilikuwa na kilo 30 tu. Nikazunguka kwa akina mama watatu ninaofanya nao kazi, kila mmoja akanikopesha kilo 40. Hawakuandikishana na mimi hata karatasi. Mmoja akasema tu, "Mwanangu, ada ya shule ya hawa watoto iko humo." Nikamwambia asihofu, ni kampuni kubwa.

Na safari hii nilitafuta, jamani. Nilitafuta kweli. Nikaingia BRELA, nikaandika jina la kampuni. Ikatokea! Jina lilelile, herufi kwa herufi, namba ya usajili ileile iliyo kwenye barua. Niliruka kwa furaha. Nikamwonyesha mama mdogo skrini, "Ma'mdogo, ona, serikali inawatambua."

Mama mdogo hajui kutumia simu janja. Ameuza samaki mwaloni zaidi ya miaka ishirini. Akaangalia kioo, akaniuliza:

"Sawa, kampuni ipo. Na huyo anayekupigia, nani kakwambia ndiye mwenye kampuni?"

Nikakosa jibu. Na namba ya kulipia ilikuwa tayari iko kwenye skrini.

JINA LILIPOTOKEA

Nikarudi kwenye ile hatua ya mwisho ya malipo. Kabla ya kuweka namba ya siri mtandao unakuonyesha jina la mpokeaji. Mimi siku zote nalipita haraka. Safari hii nikalisoma. Lilikuwa jina la mtu binafsi, la kike. Anayenipigia ni mwanaume. Barua ni ya kampuni. Watu watatu tofauti kwenye malipo mamoja.

Nikaghairi. Nikampigia yule kaka, nikamuuliza kwa upole, mbona jina siyo la kampuni. Akasema ni la mhasibu wao, akaunti ya kampuni iko kwenye matengenezo. Kisha akaanza kunikimbiza: "Dada, nafasi zimebaki mbili, saa kumi tunafunga orodha."

Nikafanya kitu cha mwisho. Sikutumia namba iliyo kwenye barua. Nikaitafuta ile kampuni mwenyewe kwenye ramani ya Google, nikaona ofisi yao ina picha za watu waliopita hapo na maoni ya miaka ya nyuma, kuna namba ya mezani. Nikapiga. Akapokea dada, nikamweleza. Akashusha pumzi, akasema, "Dada yangu, wewe ni wa nne wiki hii. Sisi hatutozi msambazaji hela, na huyo mtu hatumjui."

Yaani kampuni ilikuwa ya kweli. Usajili wa kweli. Namba ya kweli. Tapeli alikuwa ameazima jina tu, kama mtu anavyoazima koti la mwenzake kwenda kuposa.

Zile kilo 120 nikazirudisha kwa akina mama jioni ileile, kabla sijaulizwa.

SASA TUINGIE KAZINI: NAKAGUAJE KWA SIMU

Somo langu nimelifupisha hivi: usitafute jina, linganisha majina. Jina kwenye usajili, jina kwenye risiti, jina kwenye malipo, na mtu unayeongea naye. Yote manne yakutane sehemu moja. Yakiachana, simama.

1. Omba namba, siyo jina pekee

Jina linaweza kufanana na la mwingine. Kwahiyo mwambie, "Naomba jina kamili lililosajiliwa, namba ya usajili na TIN." Mfanyabiashara wa kweli hakasiriki ukimuuliza, vipo hata kwenye karatasi zake. Atakayekujibu "huniamini?" ameshakujibu.

TIN ya TRA ina tarakimu tisa. Zihesabu. Inachekesha lakini kuna watu wanatunga TIN na hawajui hata ina tarakimu ngapi.

2. Ingia BRELA

BRELA ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ilianza mwaka 1999. Zamani kupekua jalada ilikuwa uende Dar. Tangu 2018 wana mfumo wa usajili kwa mtandao unaoitwa ORS, na una sehemu ya kutafuta ambayo ni ya kila mtu. Anuani ya tovuti yao ni brela.go.tz, na mfumo wenyewe ni ors.brela.go.tz. Andika mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Tovuti za serikali yetu zinaishia na .go.tz. Ukiona .com au kitu kingine mwishoni, toka.

Ukifika kwenye kutafuta, chagua kwanza unatafuta nini, kampuni au jina la biashara. Hapa wengi wanakosea, wanatafuta duka la mtu kwenye kampuni halafu wanasema "hayupo, ni tapeli". Tofauti yake ni hii:

Jina la biashara ni mtu yuleyule, amejipa jina la kufanyia kazi. Deni la biashara ni deni lake.

Kampuni ni kitu kinachojitegemea kisheria, na ile ya hisa tunayoizoea jina lake huishia na Limited. Kampuni ikidaiwa, siyo lazima mwenye hisa adaiwe mfukoni mwake. Kwahiyo ukikopesha kampuni mzigo, jua unamkopesha nani.

Mtu anayejiita Limited halafu kwenye kampuni hayupo, na kwenye majina ya biashara hayupo, hapo huhitaji mshauri.

Mbinu za simu ndogo kama yangu: geuza simu ilale upande, au chagua kwenye kivinjari ionyeshe tovuti kama ya kompyuta, maana jedwali linakatika. Usiandike jina lote, andika neno moja lile la kipekee. Kama kampuni inaitwa mfano "Mwamba wa Ziwa Traders", andika "Mwamba" tu, kwa sababu huenda wao wameandika "Trading" au wameunganisha maneno. Jaribu pia bila nafasi. Kama mtandao unasumbua mchana, jaribu usiku au alfajiri.

Ukiipata angalia mambo matatu: jina limeandikwaje hasa, namba ni ileile uliyopewa, na ilisajiliwa lini. Tarehe inasema mengi. Mtu anakwambia "tuko sokoni miaka kumi na tano", kampuni imesajiliwa miezi miwili iliyopita. Inawezekana alikuwa anafanya kazi bila usajili, lakini muulize.

Mzigo ukiwa mkubwa, usiishie kwenye ile ya bure. Kupitia akaunti yako ya ORS, ambayo unaifungua kwa namba ya NIDA, unaweza kuomba taarifa rasmi za kampuni, unapewa kontroli namba, unalipia ada. Huko ndiko kuna majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Kwa mzigo wa milioni mbili, hiyo ada ni nauli tu. Ukishapata majina, mwombe anayekupigia akuambie ni nani kati ya hao anayemfahamu.

3. Omba risiti, hata ya zamani

Kama anauza kweli na ana mashine ya EFD, mwombe picha ya risiti yoyote aliyotoa karibuni, afiche jina la mteja kama anataka. Risiti ya EFD ina msimbo wa mraba ambao unaupiga kwa kamera ya simu. Ukikataa kusomeka, ingia verify.tra.go.tz, weka namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti pamoja na muda. TRA wanakuonyesha risiti ilitolewa na nani, jina na TIN. Linganisha na ulichopata BRELA.

Risiti ya kuchorwa kwenye programu ya picha itakuwa nzuri kwa macho, lakini haitasomeka TRA. Kuna wadogo ambao bado hawajafikia kutumia mashine, hao siyo matapeli. Ila kampuni inayosema inahudumia masupamaketi halafu haina risiti hata moja, hapana.

4. Soma jina kabla ya namba ya siri

Hii ni sekunde tano na ndiyo iliyoniokoa. Uwe unatumia M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, jina linatokea kabla hujathibitisha. Kampuni mwambie akupe Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la kampuni. "Ya mhasibu", "ya shemeji", "ya bosi yuko safari", yote hayo ni jibu moja: usitume. Kwa mtu mwenye jina la biashara tu, jina lake binafsi kutokea siyo kosa, ila liwe ndilo la mmiliki.

5. Wapigie kwa namba uliyoitafuta wewe

Namba aliyokupa yeye itapokelewa na yeye. Tafuta namba ya kampuni kwingine: ramani ya Google, tovuti yao, bango la duka ukiwa na ndugu mjini huko anayeweza kupita. Mimi sasa nina kundi la WhatsApp la wauzaji wa mikoa tofauti. Mtu akiniambia ofisi iko Kariakoo mtaa fulani, natuma ujumbe, mwenzangu anapita anapiga picha ya mlango. Nami nawapitia wao huku Kigoma, Ujiji na Mwanga.

KUSAJILIWA SIYO KUWA MWAMINIFU

Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Usajili unakwambia kitu kipo. Haukwambii ni kizuri. Na usajili siyo kibali cha kila kazi. Anayekopesha anahitaji leseni chini ya utaratibu wa Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Anayekuuzia dawa, uliza TMDA. Vyakula na vipodozi, tangu 2019 viko chini ya TBS. Leseni ya biashara zetu hizi za kawaida hutolewa na halmashauri, kwahiyo kwa mtu aliye hapa kwetu unaweza kwenda kwa afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma Ujiji ukamuuliza uso kwa uso.

Wazee wetu wanaikumbuka DECI, watu walivyopanda "mbegu" mpaka serikali ilipoingilia mwaka 2009. Watu hawakukosa taarifa za kampuni. Walikosa kuuliza hela inazaliwaje. Ukishamaliza kukagua karatasi zote, bado jiulize: biashara hii yeye anapata faida wapi? Anayenunua dagaa kwa bei nzuri halafu anataka mimi ndiye nimlipe kwanza, faida yake ni mimi.

NA WA NG'AMBO YA ZIWA?

Sisi wa Kibirizi wateja wetu wengine hawako BRELA. Boti zinaenda na kurudi Kongo na Burundi, mtu anakuja na kampuni ya Kalemie au Uvira na karatasi ya Kifaransa, unaishia kuangalia muhuri tu.

Kwa Kongo omba namba ya RCCM, ndiyo daftari lao la biashara. Inaanza na CD, kisha herufi za mji, kisha RCCM, halafu mwaka na herufi. Angalia hiyo herufi baada ya mwaka: A ni mtu binafsi, B ni kampuni. Mtu anakwambia yeye ni kampuni kubwa, namba yake ina A. Siyo kosa kuwa mtu binafsi, kosa ni kusema vingine. Burundi omba NIF, ndiyo namba yao ya mlipakodi. Na usisahau kwamba Kigoma mjini tuna ubalozi mdogo wa Kongo na wa Burundi. Ukiwa na mzigo mzito unaweza kwenda kuuliza, siyo mahali pa viza tu.

Kenya, usajili uko chini ya BRS kupitia eCitizen. Omba karatasi inayoitwa CR12, inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na iwe ya karibuni. Ukiambiwa "ofisi yetu kuu iko London", Uingereza wana Companies House, unatafuta bure kwa simu na unaona mpaka majina ya wakurugenzi. China, kila kampuni ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18. Muulize muuzaji wako, akupe pamoja na jina la Kichina, kwa sababu la Kiingereza huko ni la kujipachika.

UKIGUNDUA NI TAPELI

Usimtukane, usimtishe. Piga skrinshoti ya kila kitu. Namba yake iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ni ileile ya kuripoti zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kama umeshatuma hela, pigia mtandao wako wa simu hapohapo, dakika zinahesabika, kisha polisi. Na piga *106# ukague kama kuna laini zimesajiliwa kwa NIDA yako usizozijua, maana matapeli wanapenda kutumia majina ya watu.

NA WEWE WAKIKUTAFUTA WATAKUONA?

Nimalizie na aibu yangu. Septemba 2024, ziwa limeshafunguliwa, nikapata mteja Dodoma, mama mwenye mgahawa. Nikamhoji kwa mbwembwe zote: jina kamili, namba, TIN. Akanipa vyote, vikakutana vizuri. Halafu akasema, "Haya mwanangu, na mimi nikukague wapi?"

Kimya. Sikuwa na jina la biashara BRELA. Lipa Namba sikuwa nayo, napokelea kwenye laini ambayo niliisajili kwa kitambulisho cha kaka yangu. Yaani kwa vipimo vyangu mwenyewe mimi ndiye nilikuwa tapeli.

Oda ile niliipata kwa sababu alikuwa na ndugu Ujiji aliyekuja dukani kuniona. Wiki ileile nikasajili jina la biashara kwa simu, nililipa 20,000. Nikachukua Lipa Namba yenye jina lilelile, nikabadilisha jina la Instagram lifanane. Sasa nikiulizwa natuma ujumbe mmoja: jina, namba ya usajili, TIN, Lipa Namba. Na mteja ambaye hajaniuliza namtumia hivyohivyo.

Kwahiyo kabla hujalala leo fanya mambo mawili. Ingia ORS, mtafute msambazaji wako mkubwa, yule unayemtumia hela kila wiki kwa kumzoea. Halafu jitafute wewe.

Wale akina mama watatu bado nafanya nao kazi. Juzi mmoja alinipa kilo 60 kwa maneno matupu kama kawaida yake. Safari hii nikamwandikia karatasi, jina langu, jina la biashara na namba ya usajili. Akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Hajui kusoma vizuri, lakini alinambia mjukuu wake atamsomea, na mjukuu ana simu.